Shamba Alilolima Oliva

Mbagala, Dar es Salaam

Dada yangu Kordula,

Shikamoo dada. Mdogo wako Fidelis ni mzima kama jiwe la kusagia, ila joto la huku linataka kunikaanga. Kifua cha shemeji kimepoa? Na paa la jikoni mmeliziba, au bado mnapika mmejifunika sinia? Ningekuwa huko ningelipanda asubuhi, na kabla ya chai nimeshashuka.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Sauti yangu unaijua. Nikiongea na simu humu ndani mtaa mzima unasikia, na wa kwanza ni mwanao Oliva. Haya sitaki ayasikie. Barua nimempa kondakta wa basi la Songea, ataiacha kwa mama mdogo pale Majengo.

Mimi kazi zinakwenda. Kochi nililoshona majuzi alilikalia mzito mmoja, jina silitaji, akasinzia hapo hapo, mkutano ukaahirishwa maana hakuna aliyethubutu kumwamsha. Lakini leo si habari za makochi.

Nilikwambia Oliva amepata kazi kwenye kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, na kwamba atapewa gari. Gari niliongeza mwenyewe. Na hiyo kazi, dada, hajaipata.

Ilikuwa hivi. Walimfanyia usaili kwa simu, wakamsifu, kisha wakampa kazi ya kufanyia nyumbani, eti waone uwezo wake. Atengeneze mfumo wa wenye maghala: mahindi yakiingia, yakitoka, mwenye mali anaona kwenye simu yake huko huko aliko. Mtoto akahamia karakanani kwangu, akakaa kwenye kochi la mteja lisilo na kitambaa, laptopu mapajani. Hakwenda kanisani, hakwenda kusuka, chai inapoa pembeni. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, ghala la kwetu nilichoreje lisifanane na haya ya mtandaoni?" Nikachukua chaki ya kukatia vitambaa, nikamchorea kihenge cha marehemu mama, kile chenye kofia iliyolalia upande. Akacheka, akakipiga picha, akakiingiza kwenye mfumo wake. Kilipendeza mpaka panya angekitamani.

Akapeleka. Wakasema vizuri sana, ongeza na sehemu ya risiti. Akaongeza. Wakasema ongeza na ya kutuma ujumbe kwa wakulima. Akaongeza. Kisha kimya. Simu ikilia anaruka, kumbe ni wateja wangu. Mwisho ukaja ujumbe mfupi: asante kwa muda wako, tumempata mwingine.

Mwanao hakulia. Alifunga laptopu akaja kunisaidia kujaza sponji kwenye mito. Hapo mimi ndipo nikashindwa. Unanijua, simba wa njia ya Namtumbo nilimfukuza kwa kandambili, na usianze tena maneno yako kwamba alikuwa mbwa. Nikavaa lile koti nililovaa kwenye harusi yako, nikaenda ofisini kwao bila kumwambia Oliva.

Pale mapokezi ukutani pana televisheni kubwa, wanatangaza biashara yao. Nikaona nini? Kihenge cha mama! Kofia imelalia upande vile vile, na chini yake jina la kampuni.

Akaja bosi, kijana amevaa makubadhi.

"Mzee, nikusaidie nini?"

"Mimi mjomba wake Oliva. Nimefuata chungu."

"Chungu gani tena, mzee?"

"Kwetu Mpitimbi ukiita watu wakulimie shamba, unawapikia chungu cha pombe, ugimbi. Mwenye jembe kali anakunywa, mwenye jembe butu anakunywa. Hatumwambii mtu jembe lako halikutupendeza wakati shamba limeshalimika."

"Ule ulikuwa mtihani tu, mzee wangu. Na hapa ofisini hatunywi pombe."

Wenzake wakacheka. Nikamwonyesha ukutani. "Kama ni mtihani, mbona mmeuanika sokoni?"

Hapo hakucheka. Akamwita mlinzi, Myao mmoja wa Tunduru. Mlinzi akanishika mkono taratibu mpaka nje, akanong'ona, "Mngoni wewe, vita umekuja nayo mpaka huku? Aliyeajiriwa ni shemeji yake bosi. Huyo hakupewa kazi ya nyumbani wala ya shambani."

Nilirudi najiona shujaa. Kabla sijavua koti, Oliva alikuwa ameshaandikiwa asitume tena ndugu zake kufanya fujo.

"Mjomba, umefanya nini?"

"Nimekutetea."

"Hawa wanajuana wote! Nikiomba kwingine wataniita yule mwenye mjomba wa pombe."

Nikavua koti, dada, nikarudi kwenye mito. Mimi, Fidelis, mfukuza simba.

Sasa kampuni nyingine imemtumia kazi nyingine ya kufanyia nyumbani. Hajaifungua. Anasema ya kompyuta yamemshinda, anakuja kwako kupanda mahindi, na laptopu ameniachia niiuze. Siuzi. Nimeifunga kwa kitambaa cha kochi nikaificha chini ya nguo kwenye begi lake. Ukiikuta, iweke pakavu, mbali na moshi, unyamaze mpaka aiulizie mwenyewe.

Jumamosi anapanda basi. Usimwulize habari za kazi. Majirani wa huko niliwajaza maneno ya gari, wewe waambie kampuni zinamgombania... hapana, usiwaambie hivyo. Waambie mjomba wake ni mwongo, wameshazoea.

Ila ugimbi hauivi kwa siku moja, ndiyo maana barua inamtangulia. Anza kuloweka ulezi leo. Nisalimie shemeji, umwambie asikohoe mbele za watu mpaka pombe iishe. Msalimie mama mdogo wa duka la kanga, na katekista wetu, na wale akina mama mnaosaidiana palizi. Wote waite, kama unavyowaita shamba likishalimwa. Oliva umkalishe katikati, kata ya kwanza ya pombe apewe yeye. Wakiuliza ni shamba la nani, waambie ni la watu wa Dar es Salaam, lakini aliyelima ni huyu.

Ni mimi mdogo wako, fundi makochi,
Fidelis