Nani Atabaki na Pacha?

Nyumba ya Fundi Saa,
Chumba cha nyuma,
Jumapili jioni, 9 Machi.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Baba Mdogo ameacha kubishana na redio? Sisi wazima, ila mimi nimechoka mpaka kope zinauma.

Kituoni kazi ni ile ile, kuwatafutia ajira wazazi wasio na kipato ili wajitegemee. Juzi dereva mmoja, baba wa watoto wanne, amepata lori la maziwa. Alilia. Nami nikalia, kwa uchovu tu nadhani.

Habari kubwa ni ya mdogo wangu, Mama Pacha. Amepata kazi ya kufua mashuka hospitalini! Tangu mumewe aondoke sijamwona akicheka vile. Ila bado yuko kwenye majaribio. Akikosa siku moja tu, basi tena.

Sasa sikia vituko. Kila mzazi namfundisha hivi: kwenye usaili ukiulizwa watoto watabaki na nani, usijiumeume, taja mtu. Mama Pacha akaulizwa. Akajibu, "Dada yangu," bila hata kunidokeza! Nilimjia juu.

"Si wewe uliyesema nitaje mtu ninayemwamini?" akaniambia.

Nikaenda kutafuta kanga ya kubebea mtoto.

Basi yeye anaondoka alfajiri, nami naingia kituoni na pacha, mmoja mgongoni, mwingine namburuta. Ijumaa wameimwagia chai kompyuta, mbele ya watu waliokuja kutafuta kazi. Nawapenda, Mama Mdogo, lakini kuna saa natamani kutoroka.

Mkuu wangu amevumilia hadi amechoka. Jana kaniita, kafunga mlango, kaniuliza: "Kuanzia mwezi ujao, watoto hawa watabaki na nani?" Nilijua nikinyamaza, mmoja wetu ataacha kazi. Akiacha mdogo wangu, anarudi kukaa kwenye kizingiti akitazama barabara. Nikiacha mimi, hata chumba hiki hatuna.

Sikujiumauma. Nilikutaja wewe.

Nisalimie binamu fundi viatu, na jirani yenu mkunga. Baba Mdogo mwambie aanze kujifunza kuchemsha chai yake mwenyewe. Mungu awape afya, na usingizi ule ambao mimi umenihama.

Godoro lako nimeshalitandika upande wa dirisha.

Nikiwa bado mwanao akupendaye,
Kiherehere