Hata Mbuzi Wamelala

Lodwar, Jumanne

Ratiba nimeibandua. Mimi niliyeandika makala zote zile dhidi ya kengele za shule, niliwabandikia wanangu wanne, ninaowafundisha nyumbani, ratiba ileile ya shule: hesabu saa saba mchana, jua likichoma bati! Jana walilia wote, nami nikaapa kuwarudisha shuleni wiki hii ikishindikana.

Ni Akiru, wa miaka sita, aliyeniuliza, "Mama, hata mbuzi saa hii wamelala. Sisi tumekosa nini?"

Nikaenda ukutani, nikaibandua. 

Basi leo tulianza kabla ya jua, uani, chai ikichemka. Kufikia saa nne kila mmoja alikuwa amesoma na kuandika bila vita. Mchana wakalala mkekani, hata Ekal, mkubwa wao.

Nikampigia baba yao, yuko kazini Kakuma. "Tumeweza!" nikamwambia.

"Vizuri, Mama Ekal. Niko mkutanoni, nitakupigia."

Hajapiga.

Nina hoja nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika, na hakuna mtu mzima wa kuipinga. Kimya kile cha mchana ndicho nilichokitafuta wiki nzima. Nilikaa ndani yake nikitamani mmoja wao aamke, anibishie.