Sauti Tuliyoisikia Kwenye Ukungu

Mdogo wangu Ndeshi,

Simu yangu hupokei, na sikulaumu. Naandika wazi ili wa kwetu wote wasome, kwa sababu siku zile sikuwa peke yangu shambani. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitasema kama ninavyoweza.

Mama alipozikwa, baba mdogo alikuchukua ukaishi kwake na mkewe, huko juu ya Tengeru. Ulikuwa na miaka saba. Siku ya kuondoka ulivaa sufuria ndogo ya mama kichwani, ukapiga saluti: "Kaka, mimi sasa ni askari." Nilicheka mpaka ukakasirika.

Mimi nilibaki kwa bibi, nikawa kibarua wa kuchuma kahawa kwenye mashamba yaliyopakana na kwa baba mdogo. Mwezi wa saba ukungu hushuka Meru mchana kweupe, unakuja kama mtu anayenyata. Migomba inadondosha maji na hakuna mvua. Ndege wananyamaza. Mtu uliyekuwa unaongea naye anabaki sauti tu.

Hapo nikakusikia. "Kaka!" Mara moja. Ilitoka kila upande, kama migomba yenyewe ndiyo imeita. Niliweka ndoo chini. Mama Anaeli, jirani yetu, akanishika mkono.

"Usiitike."

"Ni Ndeshi huyo, mama."

"Ndeshi gani? Mwenye mwili huita mara tatu. Anayeita mara moja ndani ya ukungu hana miguu. Haya itika, tukuzike Jumamosi."

Wachumaji wakacheka kicheko kifupi, cha watu wenye hofu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote. Na mimi nilitaka iwe hivyo, Ndeshi. Kama si wewe, basi sikuwa na la kufanya.

Kesho yake uliita tena, mara moja. Keshokutwa tena. Tulichuma kimya, watu sita, vichwa vimeinama. Siku ya nne hatukusikia kitu, na Mama Anaeli akamshukuru Mungu.

Aliyekutafuta ni mwalimu wako, mgeni asiyejua miiko yetu. Aliuliza tu mbona huji shule, kisha akaja na watu wa ustawi wa jamii wakavunja kufuli la stoo ya kahawa ya baba mdogo. Nilikuona ukitolewa. Hukulia. Ulitutazama usoni mmoja mmoja, taratibu, kama anayetaka kutukumbuka. Mimi ulinitazama wa mwisho.

"Nilikuwa naita mara moja tu," ukaniambia. "Nikirudia, mama mdogo anasikia, ananipiga."

Walikupeleka kwa mlezi mmoja, mtaa wa Lemara, na huko ndiko ulikokulia. Mimi nikaja huku Morogoro kukata miwa. Mgongo umekwisha.

Mwezi uliopita binamu yetu alinipigia. Baba mdogo amechukua mtoto mwingine, yatima wa ukoo, msichana wa miaka sita. "Mzee ana roho nzuri," akasema. Nilikuwa katikati ya miwa iliyoungua, jua la saa sita. Nikaweka panga chini.

Nikampigia mwenyekiti wa kitongoji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hayo ni ya ukoo, kijana. Wewe kata miwa."

Nikampigia afisa ustawi wa jamii. Aliuliza kama yupo mtu wa kusimama aseme aliyoyaona katika nyumba ile. Nikataja jina langu, na la baba, na la babu, asije akakosea ni nani. Ukoo umeshaniambia kwamba kihamba, shamba letu la urithi, sina tena, hata kaburi nitafute kwingine. Sawa.

Walimkuta ndani, mlango umefungwa kwa nje. Wamemtoa. Jina lake silitaji hapa, ni mtoto. Yuko kwa mama mlezi, Lemara hiyohiyo, na afisa anasema ukitaka kumwona atakupeleka. Anakula kidogo. Hasemi kabisa. Mtu akiingia, anajibana nyuma ya mlango, anatazama.

Mlezi ameishiwa maneno. Mimi nikija nitamwambia nini? Mimi ni mmoja wa wale sita.

Sikuombi unisamehe. Hiyo simu usipokee kama hutaki. Ila kwa huyo mtoto nenda, Ndeshi. Kaa naye sakafuni, hata kama hamtaongea.

Ni mimi kaka yako,
wa kambi ya miwa, Morogoro.