Sanduku la Sato Lililopitia Ngulyati

Mdogo wangu Limi, mwangaluka huko uliko,

Huku Bariadi wanasema mtandao wenu wa utafiti wa protini za damu ulijengwa na madaktari. Nimewaacha waseme. Mimi na wewe tunajua ulijengwa na pikapu yangu, mbwa mmoja na mama mkwe wangu.

Unakumbuka enzi zile za ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye mizani ananunua pamba, na mimi nimeshafika Nairobi na Kampala na darasa langu la saba mfukoni. Ukaja na udaktari wako ukanikalisha chini. "Kaka, kuna protini kwenye damu inabeba hewa. Ikiumbika vibaya kidogo tu, chembe zinajikunja kama mundu. Ndiyo iliyommaliza mdogo wetu Masanja." Ulitaka hospitali za Bariadi, Mwanza, Kisumu na Kampala zipimiane damu na kuambiana ukweli. Mwanza wakakupa sharti: sampuli za kwanza zikifika zimeharibika, Bariadi mtoke. Ukanitazama.

"Sanduku lako la samaki linatunza barafu?"

Nikakujibu samaki wa humo hufika wakiwa bado wanashangaa.

Basi chupa za damu zikaingia sandukuni, nami nikapitia Ngulyati. Limi, mtu mkubwa kama mimi ningepitaje karibu na kwa baba mkwe bila kumsalimia? Sasa sanduku lile mama mkwe alilijua. Kila nikitoka Lamadi lilimletea sato. Kugeuka, naliona liko kichwani kwake, linaingia jikoni. Na desturi yetu unaijua: mama mkwe hatazamwi, hasemeshwi, na jikoni kwake sikanyagi. Nikamgeukia mbwa.

"Wewe mbwa! Mwambie mwenye jiko humo hamna sato!"

"Mbwa," ikajibu sauti ndani, "mwambie mwenzio maji yameshachemka."

"Mbwa, hizo ni damu za watu!"

Hapo nilitumia akili kidogo kuliko kawaida yangu. Mayowe, majirani, fimbo. Baba mkwe akauliza taratibu, "Kumbe ndiyo biashara huria hiyo?"

Nikapanda juu ya pikapu nikahutubia. Nikasema damu hiyo ni kama ng'ombe unayemkabidhi rafiki yako kule Meatu: anakamua, maziwa anakunywa, lakini ng'ombe ni wako. Madaktari wa Mwanza watakamua elimu, damu itabaki ya watoto wetu. Protini sikuieleza sana. Nilisema ni ndama.

Kisha sauti kutoka jikoni: "Mbwa, muulize huyo bwana. Mjukuu wangu anayelia mifupa kila baridi ikiingia, naye watamkamulia elimu?"

Limi, pamoja na ulimi wangu huu wote, nilijibu "ndiyo" tu.

Sanduku likatoka limevikwa magunia na pamba mbichi pande zote, kama bibi harusi. Kule Mwanza daktari wao akafungua, barafu ipo. Akauliza pamba ya nini.

"Ndiyo utaratibu wetu Bariadi," nikamwambia. Akaupenda utaratibu.

Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Halafu ukafuta macho: "Mtoto anaitwa nani?" Kesho yake ulikuwa Ngulyati.

Tangu tukuzike kule Mwamapalala, wenzako wanakutana mahotelini. Wana ramani yenye mistari inayozunguka ziwa lote. Mstari wa Bariadi kwenda Mwanza wameunyoosha, kona ya Ngulyati haipo! Niligomba, wakanipa soda. Yule mtoto, Mbuke, sasa ana mume na anamgombeza vizuri tu.

Mama mkwe amezeeka. Kumbukumbu zinakuja na kuondoka, ila desturi haijalegea. Juzi nimempelekea sato. Pale uani yuko mbwa mwingine, mjukuu wa yule.

"Mbwa," akasema kutoka jikoni, "muulize mkwe wangu, daktari wetu atakuja lini?"

Mbwa akanitazama, Limi. Nikamtupia kichwa cha sato.

Pumzika, mdogo wangu. Barafu ninayo, na Ngulyati bado napitia.

Kaka yako,
mwenye sanduku