Hotuba ya Baba Mpya

Mwenzangu, nimejifungia kwenye choo cha kituo cha watoto. Nacheka na kulia kwa pamoja.

Si unajua leo ndiyo tunakabidhiwa mtoto wetu wa kuasili? Na unamjua mume wangu. Miezi mitatu anakariri hotuba kwa lugha ya huku, hata akipiga mswaki.

Tumeingia tu, mkalimani bado anasaini kitabu cha wageni, mume wangu kaona binti kakaa kwenye benchi. Kapiga magoti, kamwaga hotuba yote! Mimi nikamkumbatia mtoto, nikalia mpaka wigi likakaa upande. Upande, nakwambia!

Mara mpishi huyo, katoka jikoni mbio na mwiko mkononi, anafoka. Mkalimani akasema taratibu, "Anauliza mnampeleka wapi mwanawe."

MWANAWE!

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wetu alikuwa chini ya meza muda wote, anatutazama na kusikiliza. Akatoka, akapanda benchi, akamsukuma binti wa mpishi kwa makalio, akasema kitu. Mkalimani hoi kwa kicheko: "Anasema, anza tena."

Baba mtu kaanza. Hotuba yote imemtoka kichwani!

Mtoto ndiye anamkumbusha, neno kwa neno.