Jina Ulilompa Bi Mdogo

Kwako Babu, mume wangu wa utani,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na nimeona bora nilitangulize hilo kabla hata ya salamu. Miezi saba sasa tangu tukuzike, watu wameshaacha kunipa pole, na mimi bado nina gere. Gere yenyewe ni ya mdogo wangu Raya. Yeye ulimwambia habari za vita vyako vya Omani, na mimi hukuniambia. Nataka kujua kwa nini. Barua yote ni hiyo, yaliyobaki ni kelele zangu tu.

Wewe ndiye uliyeanza kuniita mke. Nilikuwa sijaanza hata shule, na kila ukirudi kazini ulisimama mlangoni pale Walthamstow ukapiga hodi kama mgeni, "Mke wangu yumo?" Bibi akijibu kutoka jikoni, "Mke mwenzangu yumo, kazi hataki, chakula anataka." Nilijiona bibi harusi kwelikweli. Halafu nikiwa na miaka kumi akazaliwa Raya, ukamtazama ndani ya shuka, ukacheka, ukasema, "Basi mimi leo nimeoa wa pili." Kila mtu alicheka isipokuwa mimi. Mama ananiambia nilikwenda kujifungia chooni mpaka Isha.

Mimi ndiye niliyekuwa mke wa askari. Raya hakuwahi kutembezwa shule kwa kushoto-kulia katikati ya soko, wauza mboga wakitupisha. Bereti yako na mkanda wako wenye kifungo cha shaba nilivisugua mimi kila mkesha wa Idi. Mwalimu alipotutaka tulete babu na bibi zetu darasani, nilikwisha kuwaambia watoto wote kwamba babu yangu alipigana milimani Dhofar katika jeshi la Sultani, Waomani kwa Waomani, ndugu kwa ndugu. Ukaja na suti yako ya kijivu. Mtoto mmoja akakuuliza uliua watu wangapi. Ukasema, "Mlima ulikuwa na ukungu mwingi sana, na tulitembea sana." Ukakaa chini. Mimi nikapiga makofi peke yangu.

Nilidhani huo ndio unyenyekevu wa mashujaa. Nikikuuliza nyumbani, ulinibadilishia maneno: tia chai, funga dirisha, Bibi yako yuko wapi. Nikakua najua kwamba kuna mlango ndani yako haufunguliwi mtu, na nikauheshimu. Ningejua kwamba unafunguliwa kila Jumamosi, nisingeuheshimu hata siku moja.

Maana Jumamosi ilikuwa zamu ya Raya. Bibi alipofariki ulihamia kwangu, na kwa miaka sita mimi ndiye niliyekutia dawa za macho, niliyekukata kucha, niliyekupikia pweza akalainika hata asiye na meno akamtafuna. Raya alikuwa anakuja na gari lake kutoka Lewisham, anapiga honi nje, hata kupanda kutusalimia taabu. Wewe umeshavaa koti tangu alfajiri. "Leo niko kwa bi mdogo," unaniambia, unanikonyeza. Jioni unarudishwa unanuka chipsi, umechangamka, pweza wangu unamsukuma pembeni ya sahani. Nilikuwa nacheka, Babu. Nilicheka kwa sababu ni utani na utani haununiwi. Lakini moyoni nilikuwa najiuliza huyu mtoto asiyeweza kumaliza sentensi moja ya Kiswahili anakupa nini nisichokupa mimi.

Ulipofariki nilitaka nikufanyie jambo ambalo yeye hawezi. Nikaamua kuitafuta historia yako ya vita, niipate kwa maandishi, niiweke kwenye fremu ukutani na jina lako juu yake. Niliandika barua mbili kwa maafisa wa Muscat. Nikamtuma binamu yetu anayeishi kule aende kwa wastaafu wa kikosi, wazee wenye ndevu nyeupe wanaokumbuka hata majina ya punda waliobeba mizigo. Binamu akanipigia simu. "Wanasema hawamjui. Hakuna Mpemba wa jina hilo aliyewahi kuwa nao. Wamecheka kidogo, lakini kwa adabu." Nikamwambia arudi, aulize tena. Akarudi, wakamjibu vilevile.

Wiki tatu sikulala vizuri. Nilidhani ulitudanganya maisha yote. Mwisho, siku ya chakula cha Jumapili kwa Raya, nikamwaga yote mezani.

Raya alikuwa anakwangua mchuzi kwenye sahani. Hakuinua hata kichwa. "Dada, they won't find him. Umeuliza jina wrong."

"Jina gani tena? Babu ana jina moja."

"Kule alikuwa Hamed. Hamed Khalfan. He told me ages ago. I thought you knew."

I thought you knew. Eti alidhani najua! Nikamwambia aendelee.

Akanieleza kwa Kiingereza chake, mimi nikikifasiri kichwani ili nikusikie wewe. Kwamba mlipofika Omani, mliotoka visiwani mlitakiwa mlete barua ya sheikh wa kabila athibitishe asili yenu ndipo muandikwe jeshini. Wewe wa Wete, huna sheikh wa kukuandikia. Rafiki yako Hamed alikuwa nayo barua, lakini alishapata kazi ya gereji Dubai, akakupa. Ukaingia jeshini kwa barua ya Hamed, kwa jina la Hamed, kwa kabila la Hamed. Hadi hapo nilikuwa sijambo. Nilianza hata kukuona mjanja.

"Then he ran away," Raya akasema.

Kwamba zilikuwa zile siku za mvua za Dhofar, ukungu mtu haoni mkono wake, na aliyelala karibu nawe alipigwa risasi, hukujua imetokea wapi. Asubuhi ukatumwa bondeni kuleta maji. Ukateremka na madebe mawili. Ukayaweka barabarani, ukapanda lori la tende, hukurudi. Toka hapo Dubai, toka Dubai London. Raya alikuuliza kwa nini, na wewe ukamwambia, "Niliogopa. Basi."

Niliogopa, basi! Miaka sita nakutia dawa za macho nakuangalia ndani ya macho, na neno hilo hukunipa. Ukalitoa kwenye foleni ya magari, kwa mtoto aliyekuwa anatafuta pa kuegesha. Nilimuuliza Raya kama ulilia. Akasema kidogo. Nikamuuliza alifanya nini. Akasema alikushika mkono, na nyuma yenu watu wakapiga honi. Nakiri mbele yako, Babu, nilitamani kumnasa kofi. Si kwa kosa lolote. Kwa huo mkono tu.

Nikiwa kwenye treni ya kurudi ndipo jina lilipotulia kichwani. Hamed Khalfan. Mimi jina hilo naliona kila siku. Limo kwenye cheti changu cha ndoa. Mume wangu ni Nassor, mtoto wa Seif, mtoto wa Hamed Khalfan.

Nilishuka kituo cha mbele, nikakaa kwenye benchi. Wewe uliponiozesha kwa Nassor, watu walishangaa. Posa za wengine uliziweka wiki, uliuliza ukoo, uliuliza swala, uliuliza mpaka meno. Ya Nassor ulikubali siku hiyohiyo. Nimejivunia jambo hilo miaka kumi na nne. Nimewaambia wanawake wenzangu kwamba Babu alimjua mwanamume mwema kwa kumtazama mara moja. Sasa nikawaza lingine. Nassor aliwahi kuniambia kwamba babu yake wa Dubai aliogopa kukanyaga Muscat, hata mama yake alipozikwa kule hakwenda; kumbe aliandikwa mtoro kwa ajili yako. Je, mimi ndiye niliyetolewa fidia? Yaani Raya alipewa siri, na mimi nikatumwa kama sinia la halua?

Nassor alikuwa anapiga pasi kanzu. Nilimwambia yote nikiwa bado na koti. Nilitegemea akasirike, anifukuze, aanguke, chochote. Akageuza kanzu upande wa pili.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua yote, Zuwena. Tangu siku ya posa. Babu yako alimwambia baba yangu mwenyewe, kabla hatujafungua mdomo. Alisema mkitaka kuondoka, ondokeni, mna haki. Tukampigia simu marehemu babu yangu, Dubai. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, huyo mpumbavu bado yu hai? Mwambieni nilishamsamehe zamani, na huyo mtoto chukueni kama kijana anampenda. Na kijana alikuwa anampenda. Hakuna aliyekutoa fidia, shika adabu."

Nikakumbuka. Nilileta chai, mlango ulipofunguka mkanyamaza wote, na wewe ulikuwa unapangusa uso kwa leso. Mimi nilidhani mnabishana mahari. Niliweka sinia, nikarudi jikoni nacheka na Mama.

Kwa hiyo wakwe walijua. Mume wangu alijua. Mzee wa Dubai nisiyewahi kumwona alijua. Raya alijua na chipsi mkononi. Nyumba nzima ilikuwa na habari yako, na mimi niliyekuwa nalala chumba cha pili yako nikisikiliza kikohozi chako ndiye pekee niliyekuwa mgeni. Unaweza kunilaumu kwa wivu huu? Nilimuuliza Nassor, nikipiga meza, kwa nini mimi tu.

Akaweka pasi chini. "Alituomba kitu kimoja. Alisema, yule msimwambie. Kwa yule bado mimi ni askari."

Babu.

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi, nikiyageuza. Wakati mwingine yananifurahisha, nakiri, najiona nimepata kitu ambacho Raya hana. Halafu hasira inarudi mbichi. Kwa sababu nakumbuka kila nilipotetemeka, mbwa akibweka, meno yaking'olewa, ulinishika bega ukasema mjukuu wa askari haogopi. Raya hukumwambia hivyo. Raya nimemwona mara ngapi anakulilia begani mtu mzima, kaachwa, kafeli, kaogopa kuendesha barabara kuu, na wewe unampapasa kichwa unamwambia ndivyo ilivyo. Nilikuwa namwona dhaifu. Yeye alikuwa na babu wa kumlilia, na mimi nilikuwa na bereti ya kusugua.

Na sasa nikwambie nisilowahi kumwambia mtu, hata Nassor. Unakumbuka niliposomea unesi, ulivyonipeleka mwenyewe na suti yako siku ya kwanza ya hospitali? Wiki ya pili nilikaa na mama mmoja wakati anakata roho. Alinishika mkono, akaniangalia, na nilishindwa. Sista aliniambia nikalete shuka safi. Nikateremka ngazi, nikapita stoo ya shuka, nikapita mlango mkubwa, nikapanda basi na viatu vya wodini. Sikurudi tena. Kwako nilikuja na uso mkavu, nikasema nimeona kazi ya ofisi ina heshima zaidi. Wewe ukaniangalia kwa muda mrefu, ukasema, "Sawa, mke wangu," ukaomba chai.

Nilikuficha mimi, kwa sababu mjukuu wa askari haogopi. Ukanificha wewe, kwa sababu kwangu ulikuwa askari. Miaka yote ile, Babu, mezani pale, wewe upande huu na mimi upande ule, watoro wawili tunapitishiana sukari.

Lala salama. Sijaacha kununa.

Mkeo mkubwa