Hodi ya Bwana wa Ndilo

Jumatatu, 5 Mei

Umeme hakuna tena. Milango miwili ya chuma imelala chini hapa ateliye, karakana yangu, nusu imeungwa, nusu bado. Wenye milango wamepita asubuhi, kila mumoja na uso wa kunidai roho. Niwaungie na mate? Siku hizi kila mutu hapa Goma anataka chuma kizito, komeo mbili, bawaba nene. Kazi imejaa. Furaha hakuna.

Basi nimekaa juu ya kasha na kufanya kazi ya Ndilo. Solange, jirani yetu muuguzi, ameniletea kitabu kipya cha sheria za muchezo wetu wa hadithi ndani ya telefone. Kifaransa kitupu, kurasa haziishi. Sheria tulizokuwa tunachezea ni za zamani sana, hata sisi wenyewe zinatuchanganya. Kwa hiyo Ndilo yote inabidi ihamie kwenye sheria mpya, kijiji kwa kijiji, pepo kwa pepo. Bahati, mwenzetu wa muchezo, alinicheka: "Patron, hata watu wa Ndilo wanahama?" Sikucheka.

Ndilo haiko kwenye ramani. Tuliibuni mimi na Kasereka tukiwa vijana: bonde la ukungu, ngome ya mawe meusi, na Bwana aliyekufa zamani akakataa kulala, anayekunywa pumzi za watu. Mezani kila muchezaji anashika mutu wake wa hadithi, anasema anafanya nini, anatupa dadu. Mimi nasimulia. Mimi ni ukungu, mimi ni ngome, mimi ni Bwana.

Kasereka hayupo. Watu wenye silaha walimuchukua nyumbani kwake jioni moja, muji ulipokuwa umeingia mikono mingine. Hadi leo hatujui yuko wapi, wala kama yuko. Mulango wa nyumba yake niliuunga mimi mwenyewe. Haukuvunjwa. Hiyo siielewi.

Alhamisi, 8 Mei

Umeme ulirudi. Nimemaliza mulango mumoja. Macho yanawaka kama yametiwa pilipili.

Leo ni sheria za hofu. Zamani Bwana akitokea, kila muchezaji anatupa dadu. Ikitoa namba ndogo, mutu wake anakimbia na kuacha wenzake, apende asipende. Kitabu kipya kinasema hapana, muchezaji achague mwenyewe. Nilisoma nikatukana. Horror gani ya kuchagua! Halafu nikakumbuka watu wakikimbia vita toka Kanyaruchinya na magodoro kichwani. Nani alitupa dadu siku ile? Wengine walikimbia, wengine walirudi kubeba bibi zao. Sawa. Hiyo naikubali.

Jambo lingine silipendi. Wabaya wote wamepewa nguvu, na vizuizi vyao vya zamani vimetupwa. Yule asiyevuka maji, sasa anavuka. Yule anayeogopa kengele, sasa haogopi kitu. Wanasema hivyo muchezo unakwenda mbio zaidi.

Jumapili, 11 Mei

Tumekutana kwangu baada ya misa. Kitabu kipya kinataka kila muchezaji aseme kwanza kitu asichotaka kukutana nacho katika hadithi. Mimi nilidhani ni mambo ya watu wenye nafasi.

Bahati anaendesha moto, pikipiki ya abiria, barabara ya Rutshuru, na hanyamazi hata akitafuna. Leo alitazama meza muda murefu. Akasema hataki maiti kando ya barabara. Basi. Solange akasema mutoto asiumie. Nikayafuta kwa mistari. Nusu ya Ndilo imekwenda hivyo hivyo: barabara ya wanyongwa, kisima cha watoto.

Neema, muke wa Kasereka, alikuwa wa mwisho. "Sina neno, shemeji. Ndilo ibaki vile iko." Nikafurahi. Angalau mumoja asiyenipunguzia nchi.

Tulikula sambaza, samaki wadogo wa Kituku, na bugali. Gloria, mutoto wao, alilala kwenye mapaja ya Solange. Kiti cha Kasereka bado tunakiweka mezani. Hakuna anayetundika hata koti juu yake.

Jumatano, 14 Mei

Nilienda kwa Neema kutia mafuta kwenye kufuli. Siku hizi haitikii hodi ya mutu yeyote. Lazima usimame barabarani na kuita jina lako kama muuza makala ya jikoni. Niliita, Janvier, Janvier, majirani wakachungulia, ndiyo akafungua.

Nikautazama ule mulango vizuri. Komeo nzima. Bawaba nzima. Rangi haina hata mukwaruzo. Ningeukuta umekunjwa ningelia, lakini ningeelewa. Niliuunga ili hata gari lisiupite. Waliingiaje? Sikumuuliza. Alinipa chai, yeye akakaa mbali na mulango, mugongo kwenye ukuta.

Nimerudi na hasira isiyo na mutu wa kuipokea. Nimeimalizia kwa Bwana wa Ndilo.

Alibaki na kizuizi kimoja cha zamani, kile Kasereka alikipenda kuliko vyote. Bwana hawezi kuingia nyumba ya mutu bila kukaribishwa. Anasimama nje, anabisha hodi mara tatu. Wa ndani wakisema karibu, anaingia na kunywa pumzi zao. Wakinyamaza, anarudi kwenye ukungu. Leo nimeona ni utoto mutupu. Nani alishawahi kuona watu wa namna ile wakingoja karibu? Wapi! Nimefuta. Sasa Bwana anaingia anapotaka. Hii ndiyo horror ya kweli, ya hapa kwetu. Nimejipongeza.

Jumapili, 18 Mei

Nimeharibu. Sijui nimeharibu nini, lakini nimeharibu.

Tulianza vizuri. Mvua juu ya mabati, sauti yangu chini, hata Bahati ametulia. Mutu wa Neema anaitwa Sifa, mutengeneza mishumaa. Alikuwa ndani ya nyumba yake ya Ndilo, wenzake wako safari. Nikamuleta Bwana. Nikagonga meza kwa vidole. Hodi.

Neema hakushtuka. Nilimuona akijiweka sawa kwenye kiti, mikono mapajani, karibu anatabasamu. Akanyamaza. Anasubiri.

Nikasema mulango unafunguka.

Akasema, "Sijamukaribisha."

Nikamueleza sheria mpya. Nilieleza kwa majivuno, Mungu anisamehe. Akaniuliza nani amebadilisha. Nikasema mimi. Akasimama, akamubeba Gloria usingizini, akatoka ndani ya mvua bila kumufunika kichwa. Dadu zake ameziacha. Solange alimukimbilia na mwavuli.

Bahati akanitazama tu. Hakutania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 20 Mei

Telefone ya Neema inaita tu. Nina hasira. Ni muchezo! Nilimuuliza mbele ya wote, akasema hana neno. Sasa mimi nisome mioyo ya watu?

Bahati alipita na moto yake. Akaniambia niombe msamaha. Nikauliza msamaha wa nini. Akasema hata yeye hajui, lakini niombe. Pumbavu yule. Nimemupenda kwa hilo.

Asipokuja yenga, Jumapili ijayo, hatarudi tena. Namujua. Alishaacha kwaya, alishaacha soko, alishaacha dada zake. Meza yangu ndiyo mahali pa mwisho anapokwenda na miguu yake. Na mimi nimemufukuza.

Ijumaa, 23 Mei

Neema amekuja ateliye. Nilikuwa na miwani ya kuungia, sikumuona hadi alipozima mashine mwenyewe. Anataka nitoboe mulango wake, niweke kadirisha kadogo, ka kuona aliye nje. Nikasema nitaweka bure. Akasema hakuja kwa bure. Akakaa juu ya kasha langu. Halafu akasema yote, macho yakitazama vyuma.

Jioni ile walikuwa wanakula. Bugali na lengalenga. Mutu akabisha hodi, sauti nzuri, ya adabu, kama ya jirani. Neema alikuwa anamulisha Gloria. Akajibu karibu. Hakufikiri. Ni vile mama yake alimufundisha, ni vile sisi wote tulifundishwa, kijiko mukononi na kinywa kinajibu chenyewe. Kasereka alikuwa na wasiwasi, aligeuza kichwa, lakini neno lilishatoka. Mugeni akishakaribishwa humuachi nje. Kasereka akaenda mwenyewe kuondoa komeo.

Kwa hiyo mulango haukuvunjwa.

Walisalimia hata, Neema anasema. Wakasema kula salama. Wakatoka naye.

Halafu akaniambia kitu nitakachobeba hadi kaburini: "Kule kwenu Ndilo, shemeji, anabisha, na mimi nanyamaza, na yeye anaenda. Ni hicho tu nilikuwa nafuata kwa meza yako."

Hakuniomba kitu. Alijipangusa vumbi la chuma kwenye kitenge, akaenda. Niliwasha mashine bila kazi, niliunga kipande cha bomba na kipande cha bomba, ili watu wa barabarani wasisikie ninavyolia.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerudisha sheria. Kitabu kipya hakina mahali pake. Nimeiandika kwa kalamu ya mukono, herufi kubwa, mbele ya nguvu zote za Bwana. Hodi mara tatu. Bila karibu, anaondoka. Hakuna dadu ya kuibadilisha.

Solange anasema muchezo utakuwa murahisi mno. Wachezaji watanyamaza kila mara, na Bwana hatamupata mutu. Hesabu zake ni sawa. Nikamuambia basi asimupate. Akanitazama, akafunga kitabu. Nadhani Neema alimuambia na yeye, siku ile ya mwavuli.

Zamani Bwana alikuwa na nguvu nyingine: anaazima sauti ya mutu unayemupenda na kubisha nayo. Ni Kasereka aliyeibuni hiyo, tukashangilia. Nimeichana ile karatasi. Nimeichoma kwenye mbabula, jiko la makala, nikasimama hadi iishe.

Kwa sababu nimefikiri. Na kama siku moja ni yeye kweli? Anarudi, amekonda, anabisha mulango wake, na muke wake ananyamaza? Ndiyo maana anataka kadirisha. Neema hakusema. Hakuhitaji kusema.

Jumapili, 25 Mei

Neema hakuja. Nilikuwa nimemutumia ujumbe kwamba sheria imerudi. Hakujibu. Hatukucheza. Bahati alikula sambaza zote, akasema ni za huzuni.

Jumatano, 28 Mei

Nimetoboa mulango wa Neema. Umeme ulikatika katikati, nikamalizia kwa tupa, mikono imechubuka. Kadirisha ka upana wa kiganja, na kifuniko cha ndani. Alisimama ndani, mimi nje. Akafungua, akaniona, akafunga. Akafungua tena. Akasema ni sawa.

Kuhusu Ndilo hakugusa. Mimi pia sikugusa. Nilimuambia pole. Akasema, "Aksanti, shemeji," na kunipa maji ya kunawa.

Jumapili, 1 Juni

Amekuja. Alichelewa, Gloria mugongoni, viatu vimejaa tope. Akakaa mahali pake. Dadu zake nilikuwa nimezipanga mbele ya kiti. Akazihesabu kwa kidole.

Tulicheza polepole. Ndani ya hadithi, watu wa Bahati na Solange walikwenda kutafuta nta ya mishumaa, au sijui nini, walitafuta sababu tu ya kuwa mbali. Sifa akabaki ndani ya nyumba yake. Ukungu ukapanda. Nilisimulia vizuri kuliko nilivyowahi kusimulia. Sikumupunguzia Bwana kitu, kucha zake, baridi yake, njaa yake. Nikamufikisha mulangoni.

Hodi.

Neema aliweka mikono mezani. Hakugusa dadu. Gloria alikuwa macho, anatafuna muwa, anatutazama.

Hodi.

Midomo ya Neema ilifunguka. Niliiona. Kinywa kinajibu chenyewe. Akaishika midomo yake kwa vidole viwili, akaibana kama anavyobana mufuko wa unga.

Hodi.

Hata mutoto aliacha muwa. Nje watu wanapita, mama anauza mukate, moto zinapiga kelele. Sisi kimya. Kimya kirefu. Sikukikata.

Nikasema Bwana amegeuka. Anashuka ngazi. Anavuka daraja. Ukungu umemufunika mugongo.

"Ameenda?"

Nikasema ameenda.

"Bila mutu?"

Bila mutu.

Alitoa vidole midomoni. Vimeacha alama nyeupe.

"Sema tena, shemeji."

Nikasema tena, toka mwanzo, hodi ya kwanza hadi daraja. Halafu akaomba chumvi, tukala.